Nyumba Bila Ardhi: Biashara ya Keshi Kibera na Kawangware

Kibera, nyumba huuzwa pamoja na kosa lake. Vyumba ni vya futi kumi kwa kumi, kuta za udongo na fito, paa la mabati. Hakuna ramani iliyoidhinishwa na kanjo, choo hakiwezi kupita mbele ya afisa wa afya, na ardhi iliyo chini si ya muuzaji. Mnunuzi anayajua hayo yote, analeta keshi, na jua halijatua nyumba imeshapata mwenyewe mpya. Kwa wengi walio maofisini huo ni uholela wa watu wasiojali sheria. Historia ya Kibera na ya Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi, inanionyesha jambo jingine: soko la nyumba zenye makosa lilijengwa na serikali yenyewe, hatua kwa hatua, kwa muda wa karibu miaka mia, na hadi leo linategemea mihuri yake.

Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la King's African Rifles, walipewa msitu wa Kibra, ambao ndio Kibera ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 takriban ekari 4,200 zikatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Hawakupewa hati. Walipewa ruhusa ya kukaa na kulima, iliyojulikana kama pasi ya shamba. Mwaka 1928 Kibera ikatoka mikononi mwa jeshi na kuingia chini ya utawala wa kiraia, na Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ikaamua kwamba Wanubi wale walikuwa wapangaji wa Mfalme, wa kuondolewa wakati wowote apendapo. Tume hiyohiyo ilikubali kuwa serikali ilikuwa na wajibu wa kuwatafutia makao mengine. Makao hayakupatikana, nao hawakuondolewa. Mtu aliyeachwa katika hali kama hiyo atajenga kwa udongo, maana nani ataweka mawe mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Ataongeza chumba kimoja, kisha cha pili, apangishe kwa vibarua waliokosa pa kulala mjini. Siku akitaka kuuza, ardhi hana. Alichonacho ni kuta, paa, na ule ukweli kwamba ameachwa akae. Sheria iliyoletwa kutoka Uingereza inasema kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Serikali iliyoileta sheria hiyo ndiyo iliyowaweka watu mahali ambapo hawangeweza kuifuata.

Uhuru uliligeuza jina la mwenye ardhi tu: ya Mfalme ikawa ya serikali. Mitaa kama Jamhuri, Otiende na Ayany ikakatwa kutoka kwenye ardhi ile ya zamani ya Kibera, na palipobaki, hasa kuanzia miaka ya 1970, machifu na maafisa wa utawala wa mikoa wakawa ndio wanaoruhusu nani ajenge wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Philip Amis alieleza jinsi nyumba zisizoidhinishwa za Nairobi zilivyokuwa zimeshageuka biashara kamili, yenye wenye nyumba upande mmoja na wapangaji upande mwingine. Ndipo karatasi ya mauziano ilipopata uzito wake. Mara nyingi ni fulskapu iliyoandikwa kwa mkono: majina na nambari za vitambulisho, idadi ya vyumba na milango, mpaka unaoanzia kwenye mtaro na kuishia kwa ukuta wa jirani, kiasi cha pesa kwa tarakimu na kwa maneno, mashahidi wa pande zote mbili, mzee wa kijiji, kisha muhuri wa chifu. Kuhusu ardhi, kimya. Kuhusu choo kinachomwaga mtaroni au waya wa stima uliovutwa juu ya mabati, kimya vilevile. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba pesa zimetoka mkono huu zikaingia mkono ule, na kwamba mtu wa serikali ameona. Siku tingatinga linapofika, haimkingi mtu. Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata ilipopitishwa katikati ya Kibera, nyumba, shule na makanisa vilibomolewa, na maelfu ya watu wakakosa makao.

Kawangware ni kisa tofauti, na kinautia nguvu mjadala huu. Hapa ardhi ina wenyewe. Dagoretti, eneo ambamo Kawangware imo, ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu chini ya Kiambu, na mpango wa kikoloni wa kilimo, wa Swynnerton, wa mwaka 1954 ulipofuatwa na uunganishaji na uandikishaji wa mashamba, familia za huko zilipata hati. Kisha mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ikapanuliwa, na jiji lililokuwa na kilomita za mraba zipatazo 90 likafikia karibu 690. Mkulima aliyelala shambani akaamka ndani ya jiji, chini ya sheria ndogo za ujenzi zilizotungwa kwa ajili ya mitaa ya mawe na mabomba ya majitaka. Mabomba yenyewe hayakuja na mpaka. Wafanyakazi waliotafuta chumba cha bei nafuu karibu na mtaa wa kifahari wa Lavington ndio waliokuja, na wenye mashamba wakajenga safu za vyumba vya mbao na mabati, wakagawia watoto wao vipande, baadaye wakapandisha ghorofa. Kwa hiyo Kawangware hati ya ardhi inaweza kuwa safi kabisa huku jengo lililo juu yake halina kibali hata kimoja. Kibera nyumba inauzwa bila ardhi. Kawangware mara nyingi ardhi inauzwa na nyumba inahesabiwa kama haipo, ingawa kodi yake ndiyo inayomvuta mnunuzi.

Katika mitaa yote miwili, kosa la jengo ndilo linalompa nafasi mnunuzi wa keshi. Benki haikopeshi kwa jengo lisilo na ramani iliyoidhinishwa, na hata kwa majengo yaliyo halali mikopo ya nyumba ni michache: mwaka 2019 nchi nzima ilikuwa nayo takriban 28,000. Anayebaki sokoni ni yule mwenye pesa mkononi, naye anajua kuwa hana mshindani. Hesabu yake ni ya miezi: kodi ya vyumba hivi itanirudishia pesa zangu kabla ya notisi ya kubomoa au la? Kadiri hatari inavyokuwa kubwa, ndivyo bei inavyoshuka, na ndivyo anavyopaswa kuchuma haraka bila kutengeneza chochote. Nani atabadilisha ukuta atakaoupoteza? Kosa linapita kutoka mwenye nyumba mmoja hadi mwingine bila kuguswa. Anayelibeba ni mpangaji, na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2006 ilikuta kwamba asilimia 92 ya kaya katika vitongoji duni vya Nairobi ni wapangaji. Yeye hatajwi kwenye fulskapu. Aprili 2016 huko Huruma, mtaa mwingine wa Nairobi, liliporomoka jengo la ghorofa ambalo lilikuwa limeshaamriwa kubomolewa, na watu wapatao 50 wakafa. Walikuwa bado wanalipa kodi.

Kuna watakaosema kwamba soko hili linawasaidia wanyonge: mama mwenye mgonjwa hospitalini hawezi kungoja kibali cha kaunti, na mnunuzi wa keshi anampa leo. Ni kweli, nami singependa mtu yeyote amnyime mama huyo haki ya kuuza. Lakini tuulize ni kwa nini alipewa bei ya kutupa. Hakupunjwa na mnunuzi peke yake. Alipunjwa na mfumo uliokataa kuitambua nyumba yake huku ukiipigia muhuri. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuyatambua mauzo haya, wanasema, kutawazawadia mabwenyenye wasioishi Kibera, wakiwemo watumishi wa umma waliojipatia nafasi kupitia kwa machifu. Hofu hiyo ina msingi. Ghasia za kodi za Kibera mwaka 2001 zilionyesha uchungu uliopo kati ya mpangaji na mwenye nyumba asiyeonekana. Hata hivyo, ni giza linalowafaa hao zaidi ya wote. Mauzo yakiandikishwa, itajulikana nani ana vyumba vingapi, nani aliuza nini, na nani anapaswa kujibu paa likianguka.

Wala si jambo geni. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, na nyumba yake huuzwa, hurithiwa, na hata huandikishwa rasmi kama nyumba bila ardhi. Desturi ya Pwani ilipata mahali katika daftari la serikali. Ya Kibera ikaachwa mlangoni kwa chifu. Katiba ya 2010, ibara ya 40(4), inaruhusu kuwalipa fidia watu wanaokaa kwa nia njema kwenye ardhi inayotwaliwa na serikali hata kama hawana hati. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kurasimisha majengo yaliyojengwa bila kibali, na mwaka 2017 jamii ya Wanubi ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Zana zipo, ila hakuna hata moja inayogusa siku ya mauzo, ambayo ndiyo siku pekee kosa la nyumba linapojulikana na pande zote mbili na pesa za kulitengeneza ziko mezani. Kaunti ifungue daftari la mauziano ya nyumba Kibera na Kawangware. Imlazimishe muuzaji kuandika makosa ya jengo, mnunuzi atie sahihi kwamba atayarekebisha kwa muda uliopangwa, na nakala moja apewe mpangaji.