Neno Lililoachwa Nairobi

Katika nchi za Afrika ya Mashariki utani ni mila yenye sheria zake. Mhehe na Mngoni, ambao babu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, wakikutana leo hutukanana mbele ya hadhara na hapana anayekunja ngumi. Msibani mtani huweza kumwigiza marehemu, akadai urithi, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka ilhali machozi hayajakauka. Lakini tusi lile lile likitoka kinywani mwa mtu asiye mtani huwa tusi kweli, na pengine huwa kesi barazani. Jambo hili yafaa likumbukwe kabla ya kuyatazama maisha ya Richard Pryor, mchekeshaji na mcheza sinema wa Marekani; kwa kuwa sifa yake na majuto yake vilishikamana na neno moja la tusi, na neno hilo alikuja kuliacha katika mji wa Nairobi mwaka 1979.

Neno lenyewe halitaandikwa hapa, kwani msomaji hakika analijua. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya weusi tu, rangi isiyo na kosa. Lilipopita katika vinywa vya mabaharia na wafanya biashara ya watumwa likageuka kuwa jina la bidhaa. Na utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, bidhaa ikatoka sokoni, jina likabaki. Mtu mweusi aliitwa hivyo shambani na mahakamani, na wengi walilisikia kwa mara ya mwisho chini ya mti waliotundikwa na umati. Ajabu ni kwamba Weusi wenyewe walilichukua neno hilo wakaliingiza majumbani mwao, wakaitana kwalo kwa upendo, kwa kejeli na kwa hasira, kama waitanavyo watani.

Pryor alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois. Bibi yake, Marie Carter, alikuwa mwenye madanguro. Mama yake, Gertrude, alifanya kazi humo, na baba yake, LeRoy, bondia wa zamani, aliishi kwa ujanja wa mtaani. Wazazi walipoachana, mtoto alilelewa na bibi, mwanamke wa nguvu, mkali wa fimbo, ambaye mjukuu alimwita Mama mpaka alipofariki mwishoni mwa mwaka 1978. Mtoto wa nyumba kama ile husikia lugha ambayo watoto wengine hufichwa. Aliwasikia walevi, wacheza kamari, wanawake waliochoka, wanaume weupe waliokuja kwa siri kutafuta raha mtaani kwa Weusi. Na wote hao baadaye walipanda jukwaani pamoja naye. Shule ilimfukuza akiwa na umri wa miaka 14. Bahati yake njema ilikuwa mwalimu mmoja wa michezo ya kuigiza katika nyumba ya jumuiya mjini Peoria, Juliette Whittaker, aliyempa nafasi katika mchezo wa watoto, akakitambua kipawa chake wakati ambapo watu wengine waliona utundu tu. Mwaka 1974 Pryor alipopata tuzo ya televisheni ya Emmy kwa uandishi, sanamu ile alimpelekea mama huyo.

Aliingia jeshini mwaka 1958. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliimaliza katika mahabusi ya jeshi, baada ya ugomvi uliozuka nchini Ujerumani: askari mweupe alichekelea mno sinema iliyohusu masaibu ya Weusi, na Pryor na wenzake wakamshambulia. Si kazi ya insha hii kuutetea ukatili ule. Hata hivyo yafaa kuangaliwa kwamba, miaka mingi kabla ya kupata jina, kijana huyu alikwisha kujua kwamba kicheko kina mwenyewe, na kwamba mtu akicheka mahali pasipo pake damu huweza kumwagika.

Mwaka 1963 alikwenda New York. Mchekeshaji aliyesifiwa wakati huo ni Bill Cosby, mtu mweusi aliyesimulia visa vya utotoni kwa lugha safi isiyomchoma yeyote, na Pryor akamfuata nyayo kwa nyayo. Fedha ziliingia, televisheni ikamkaribisha. Ndipo Septemba 1967, katika hoteli ya Aladdin mjini Las Vegas, aliposimama mbele ya watazamaji, mwimbaji Dean Martin akiwa miongoni mwao, akawatazama, akajiuliza kwa sauti anafanya nini mahali pale, kisha akaondoka jukwaani. Wengine waliita wazimu. Bora kuiita siku mwigo ulipomshinda, maana sauti aliyokuwa akiitoa ilikuwa ya mtu mwingine, na watu wa Peoria walikuwa bado wamefungiwa kifuani mwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliishi kwa muda Berkeley, California, akazisoma hotuba za Malcolm X, akakaa na waandishi na wanasiasa Weusi, miongoni mwao Ishmael Reed. Alipotoka huko alikuwa mtu mwingine. Hakusimulia vichekesho vyenye kichwa na mkia, aliwaingia watu. Alikuwa mlevi anayeongoza magari barabarani, mhubiri, polisi, teja wa heroini, na zaidi ya wote Mudbone, mzee wa Mississippi ambaye uongo wake una hekima kuliko kweli ya wengi. Na watu hao walisema kama walivyosema mtaani, pamoja na neno lile. Santuri yake ya 1974, iliyorekodiwa San Francisco, ililibeba neno hilo katika jina lake lenyewe; ikapata tuzo ya Grammy. Santuri ya 1976, mwaka Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya uhuru wake, ililibeba tena, na mwisho wake ni sauti ya mzee mcheshi anayehesabu mateso ya karne mbili huku akichekacheka, mpaka msikilizaji hajui afanyeje na kicheko chake mwenyewe.

Hoja yake katika miaka hiyo ilikuwa kwamba neno likisemwa mara nyingi na mwenyewe aliyetukanwa, makali yake yataisha. Ni hoja ya utani, nayo ina nguvu. Katika kipindi kimoja cha televisheni cha Desemba 1975 aliigiza mwombaji kazi anayepewa maneno na mwajiri mweupe ili ajibu kwa haraka. Maneno yanazidi kuwa ya matusi, na mwombaji anajibu kila tusi kwa tusi, mpaka mwajiri analitoa neno lile. Hapo Pryor hakuwa na tusi la kulipia, kwa kuwa halipo. Alijibu kwa tishio la kifo. Kichekesho hicho ni kifupi, lakini kimeeleza tofauti ya mtani na mgeni kuliko vitabu vingi.

Ila utani huhitaji uwanja wenye mipaka, na santuri haina mipaka. Mila ya watani hujua ni nani aliyepo; santuri huingia nyumba yoyote yenye gramafoni. Wanunuzi weupe walikuwa wengi, na kila mmoja aliweza kucheka akiwa peke yake chumbani, bila kuonekana na yule anayechekwa. Sinema nazo zilikuwa vivyo hivyo. Pryor alikuwa mmoja wa watu watano walioandika Blazing Saddles ya Mel Brooks, iliyotoka mwaka 1974, ambamo neno hilo limewekwa vinywani mwa wajinga weupe ili ujinga wao uonekane. Alitakiwa acheze yeye mwenyewe kama mkuu wa polisi mweusi. Kampuni ikamwogopa, na nafasi akapewa Cleavon Little. Hivyo maneno yake yalikubalika, mwili wake ukakataliwa. Mwaka 1977 kipindi chake cha televisheni kilikufa baada ya kuonyeshwa mara nne tu.

Kilele cha kazi yake ni sinema ya Live in Concert, iliyopigwa Long Beach mwishoni mwa mwaka 1978. Hamna humo mapambo: mtu mmoja, shati jekundu, kinasa sauti. Anaigiza mshtuko wa moyo uliompata, na moyo wenyewe ukawa mtu anayemkaripia alivyokuwa akila nyama ya nguruwe. Anaigiza bibi yake akimtuma akachume fimbo ya kumchapia. Anasimulia jinsi alivyolipiga risasi gari ili mkewe asiondoke nalo. Watu hawakuwahi kuona mtu akijianika hivyo hadharani huku wakicheka mpaka mbavu kuuma. Neno lile limo tele.

Mwaka 1979 alisafiri Kenya pamoja na Jennifer Lee, ambaye baadaye alimwoa. Habari ya safari hiyo aliisimulia mwenyewe katika sinema yake ya 1982, Live on the Sunset Strip. Baada ya wiki tatu alikuwa ameketi katika ukumbi wa wageni wa hoteli, akawa kama anayeulizwa na sauti ya ndani anaona nini. Aliona watu wa kila rangi wakifanya kila kazi. Sauti ikamwuliza kama anamwona mtu yeyote anayestahili jina lile. Hakumwona, na sauti ikamjibu kuwa hamwoni kwa sababu hayupo. Hapo akatambua kwamba kwa wiki tatu nzima hakuwa amelitamka neno lile, wala hata kulifikiri. Alilia, akaapa kutomwita mtu mweusi tena kwa jina hilo.

Kwa mwenyeji wa Nairobi, alichokishangaa Pryor kilikuwa kitu cha kila siku: karani mweusi, meneja mweusi, askari mweusi, tajiri na maskini weusi. Lakini Kenya ilikuwa na miaka 16 tu ya uhuru. Wazee walioishi mjini humo walikumbuka kipande kilichoning'inizwa shingoni, na hoteli ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, na neno "boi" ambalo kijana wa Kizungu aliweza kumwitia mtu mwenye wajukuu. Wala si Wazungu peke yao. Kiswahili chenyewe kina "mshenzi", neno ambalo watu wa pwani walimtupia mtu wa bara kwa karne nyingi, na kina "mtwana", ambalo lilikuwa na bei. Mgeni huonyeshwa sebule, jikoni hafikishwi. Pryor hakusema Kiswahili, na lau angekijua huenda asingaliondoka na moyo mweupe kiasi kile. Hata hivyo ushuhuda wake haukosi thamani kwa hilo, kwani alichokipima pale ni ulimi wake mwenyewe, na wa ulimi wake alikuwa mwenyeji.

Baadhi ya Weusi wa Marekani walimnung'unikia, wakaona amelainika, au ameliacha neno ili awapendeze weupe. Jambo la kutisha zaidi lilikuwa limekwisha kutokea. Tarehe 9 Juni 1980, akiwa amezama katika kokeini, alijimwagia pombe kali akajiwasha moto, akakimbia barabarani mwili ukiwaka. Aliungua zaidi ya nusu ya mwili, akalazwa wiki sita. Katika sinema hiyo hiyo ya 1982 anausimulia moto pia, naye huusimulia kwa mzaha. Ni habari ya Nairobi tu ambayo karibu hakuichekesha. Tofauti hiyo yatosha kuonyesha alikoliweka kila jambo.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusifiwa. Stir Crazy ya 1980, iliyoongozwa na Sidney Poitier, iliingiza zaidi ya dola milioni 100, na mwaka 1983 alilipwa dola milioni 4 kwa Superman III. Baina ya hizo, mwaka 1982, alicheza The Toy, hadithi ya mtu mweusi anayenunuliwa na tajiri mweupe awe kichezeo cha mwanawe. Neno halimtoki tena kinywani, lakini jambo ambalo neno lile liliundiwa, yaani mtu kuwa bidhaa, alilivaa mwili mzima kwa malipo. Hapana kosa kubwa zaidi katika kazi yake, na ni vigumu kuamini kwamba hakuliona.

Mwaka 1986 aliongoza na kucheza Jo Jo Dancer, Your Life Is Calling, sinema iliyofanana mno na maisha yake. Mwaka huo huo akagunduliwa kuwa na maradhi yanayokula utando wa mishipa ya fahamu, na polepole yakamnyang'anya miguu, kisha sauti. Mwaka 1998 alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya ucheshi iliyopewa jina la Mark Twain, mwandishi ambaye kitabu chake mashuhuri, Huckleberry Finn, kina neno lile zaidi ya mara 200. Alifariki tarehe 10 Desemba 2005 mjini Los Angeles, umri wake miaka 65.

Miezi michache kabla ya kifo hicho, mchekeshaji mwingine mweusi, Dave Chappelle, alikuwa ameacha kipindi chake cha televisheni chenye mkataba wa dola milioni 50, akaenda Durban, Afrika ya Kusini. Alieleza baadaye kwamba walipokuwa wakirekodi kichekesho cha ubaguzi, mtu mmoja mweupe aliyekuwapo kazini alicheka, naye katika kicheko kile akasikia kitu ambacho hakukitaka. Aliporudi jukwaani, neno lile alirudi nalo.