Eksirei ya kifandugu: Mgonjwa atarajie nini?

MTU aangukapo kwa makalio, ama kwa kuteleza bafuni au kutupwa na bodaboda, huenda akaumia kifandugu, yaani ncha ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Mfupa huo mdogo huundwa na pingili 3 hadi 5, na wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume.

Daktari akishuku kuwa umevunjika au kuteguka, huweza kuagiza picha ya eksirei. Mgonjwa hahitaji kukaa na njaa. Huombwa aende haja ndogo kwanza, kisha avue mshipi, shanga za kiunoni na chochote cha chuma. Mwanamke mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, sharti amwarifu mhudumu mapema kwa kuwa miale hupitia nyonga.

Kwa kawaida hupigwa picha mbili: moja akiwa amelala chali, nyingine akiwa amelala ubavu na kukunja magoti. Hutakiwa kutulia na kuzuia pumzi kwa muda mfupi. Miale yenyewe haiumi. Kinachouma ni kulalia mfupa uliojeruhiwa. Baadhi ya madaktari huagiza picha akiwa ameketi na nyingine akiwa amesimama, ili walinganishe jinsi mfupa unavyosogea. Shughuli hiyo huchukua dakika chache tu.

Wengi huvunjika moyo picha isipoonyesha kasoro yoyote. Hiyo si ithibati kwamba maumivu ni ya kubuni, kwani eksirei huonyesha mifupa lakini haidhihirishi vyema kano na misuli iliyoumia. Isitoshe, kifandugu kilichovunjika hakifungwi plasta. Mara nyingi matibabu ni yale yale: dawa za kutuliza maumivu, mto wenye pengo upande wa nyuma, kuepuka kuketi kwa muda mrefu, na kula mboga na matunda ili choo kisiwe kigumu. Ndiyo maana daktari anaweza kuamua kwamba picha haihitajiki, bila kuwa amempuuza mgonjwa.

Maumivu mengi hupungua baada ya majuma au miezi michache. Hata hivyo, anayeshindwa kuzuia mkojo au choo, anayehisi ganzi kati ya mapaja, anayelegea miguu au aliye na homa, arejee hospitalini mara moja, hata kama picha yake ilikuwa safi.