Leica isiyo Leica

Tuseme studio ya zamani pale Bariadi inafungwa, na kabatini inatoka kamera ya mkanda yenye rangi ya dhahabu, imeandikwa Leica, ina na nembo ya jeshi la Wanazi. Watu wataanza kutaja mamilioni. Tulia kwanza.

Toa lenzi, chungulia ndani kwa juu. Kwenye Leica halisi, mkono wa kupimia umbali unaishia na kigurudumu kidogo. Ukikuta kipande cha chuma chenye umbo la kabari, hiyo karibu hakika ni FED au Zorki ya Kisovieti iliyofutwa jina. Za namna hii zilitengenezwa nyingi miaka ya 1990, watalii wakanunua kweli kweli.

Kwangu mimi, utamu unaanzia hapo. FED ilianza kutoka kiwandani mwaka 1934 huko Kharkiv, Ukraine, ikiigiza Leica II ya 1932. Waliounda zile za mwanzo walikuwa vijana wa kituo cha kulelea yatima na watoto wa mitaani. Herufi zenyewe zinatokana na Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa polisi wa siri (jina zito kuwabebesha watoto!), ambaye kituo kilipewa jina lake. Mwaka 1941 Wanazi waliuteka mji huo. Leo kamera ya Kharkiv inauzwa ghali zaidi ikiwa na nembo yao.