Ghala ya Karitas na Ujirani wa Mashirika Yetu

Katika kitabu hiki cha Yubilei wengine wameandika habari za mapadri waliotutangulia, za shule na za ujenzi wa kanisa. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za chumba kidogo kilicho nyuma ya ofisi ya parokia, ambacho wakristu wengi wanakiita depo ya Karitas. Ndani yake kuna maharagi, unga wa muhogo na wa mahindi, mafuta ya ngazi, chumvi na sabuni. Siku nyingine hakuna kitu. Lakini mtu asiyejua habari za chumba hiki hatajua namna wakristu wa Goma walivyoishi pamoja katika miaka ya taabu.

Kazi hii si mpya katika Kanisa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinatuambia kwamba katika Yerusalemu wakristu waliosema Kigriki walinung'unika, kwa sababu wajane wao walisahauliwa wakati wa kugawa chakula cha kila siku. Mitume hawakuwakemea. Waliomba wakristu wachague watu saba. Na majina ya wote saba, tangu Stefano mpaka Nikolao, ni majina ya Kigriki. Inaonekana basi kwamba waliosahauliwa ndio waliokabidhiwa ugawaji. Mafundisho hayo tunayahitaji sana katika Kivu.

Katika inchi yetu, Maaskofu walianzisha Karitas mwaka wa 1960, mwaka ule ule wa uhuru. Mwaka wa 1961, katika mkutano wao mkuu, waliamua kwamba Kanisa la Kongo lijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai. Ndizo mashirika yetu. Pasipo shirika, ghala ni chumba chenye mifuko tu. Jamaa za mtaa mmoja zinakutana, zinasoma Neno la Mungu, kisha zinaulizana: nani mgonjwa? Nani amezaa? Nani amefiwa? Katika nyumba gani moto haukuwashwa tangu jana? Anayejua ni jirani, maana ndiye anayeona kama moshi unatoka jikoni. Mtu wa Karitas wa shirika analeta habari kwa parokia; ghala inatoa kilichopo; na jirani ndiye anayekipeleka, mara nyingi jioni, kusudi mzee au mjane asisimame mbele ya macho ya watu.

Na vinavyoingia ghalani vinatoka kwetu sisi wenyewe. Siku ya matoleo, huyu analeta kopo la maharagi, yule kipande cha sabuni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mungu alitujaribu mara nyingi. Mwaka wa 1993 vita vya makabila vilianza Walikale na Masisi, na watu wakakimbilia Goma. Mwezi wa saba 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, mamia ya maelfu, waliingia kwa siku chache tu. Kolera ikaua wengi, na ardhi ya mawe ikakataa kuchimbwa makaburi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mto wa moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukateketeza hata katedrali ya Mtakatifu Yosefu. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba. Wengi walikimbilia Gisenyi, lakini baada ya siku chache walirudi, mawe yangali ya moto. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ukapasuka tena. Siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji kuhama. Safari hiyo sisi ndio tuliokuwa wageni: Sake, Rutshuru, Bukavu, tulilala katika nyumba za watu waliotugawia chakula chao kidogo.

Misaada mikubwa ilikuja pia kutoka mbali, nasi tunaishukuru. Wengi wangalikufa pasipo hiyo. Lakini miaka hiyo iliacha pia ugonjwa. Tulizoea kungoja kamyo. Tulijifunza kupigania kijikaratasi cha namba, na kuandikisha majina ya watoto wasiokuwako. Jirani, aliyekuwa ndugu, akawa mtu wa kushindana naye katika mstari. Kamyo haimjui mtu, inajua orodha. Nayo ikiisha kazi yake inaondoka, na jirani anabaki.

Kwa hiyo mlango wa ghala yetu una kufuli mbili, na funguo zake hazikai katika jamaa moja wala katika kabila moja. Vinavyoingia na vinavyotoka vinasomwa mbele ya wajumbe wa mashirika yote. Ndivyo tunavyojaribu kufuata Mitume. Hatuulizi kama mwenye njaa ni mkatoliki, mprotestanti au mwislamu. Wala hatuulizi anasema lugha gani nyumbani kwake. Tunauliza tu kama amekula.

Wenzetu mapadri wageni, mkitaka kujua kama parokia hii ingali hai, msitazame minara tu. Nendeni katika shirika jioni moja, msikilize kama jina la jirani mgonjwa linatajwa. Nasi wakristu wa hapa, furaha ya Yubilei isitusahaulishe: siku jina hilo litakapokosa mtu wa kulitaja, hata ghala iliyojaa itakuwa tupu. Mungu Mwenyezi atujalie macho ya kuuona mlango wa jirani, na miguu ya kuufikia.