Mji uliozaliwa na kufukuzwa

Mwezi uliopita kaka yangu alinipeleka kuona mji mmoja hapa Ubelgiji unaoitwa Louvain-la-Neuve, yaani Louvain Mpya. Tulitoka Brussels tukabadilisha treni Ottignies, na kituo cha mwisho kiko chini ya ardhi. Tukapanda ngazi, tukatokea katikati ya wanafunzi wanaotembea kwa miguu. Gari hata moja sikuona. Kaka akasema, "Magari yako huko chini. Mji wamejenga juu yake, kwenye zege." Nilidhani ananitania, kumbe ni kweli.

Nikauliza, nani alikuja kujenga mji huku kwenye mashamba? Jibu lake ndilo limenifanya niwaandikie.

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kilianza mwaka 1425 katika mji wa Leuven, nchi ya Waflemi, wanaosema Kiholanzi. Kwa miaka mingi Kifaransa ndicho kilikuwa lugha ya wakubwa Ubelgiji, na Waflemi walidharauliwa hata kwao. Hasira ikajaa. Miaka ya 1960 wanafunzi waliandamana wakipiga kelele, "Walen buiten", maana yake Wawaloni nje! Februari 1968 serikali ya nchi nzima ikaanguka kwa ajili ya ugomvi huo. Ikaamuliwa chuo kigawanywe, wenye Kifaransa wahame.

Hata vitabu viligawanywa. Vyenye namba witiri vilibaki Leuven, vyenye namba shufwa vikaenda na waliohama. Sisi tuliogawana sufuria na ndugu usiku wa kukimbia, tunaelewa.

Lakini angalia kilichofuata. Tarehe 2 Februari 1971 liliwekwa jiwe la kwanza, mfalme Baudouin akiwepo. Mwaka 1972 wanafunzi wa kwanza wakaingia, matope bado yako njiani. Kufikia 1979 kuhama kulikuwa kumekwisha. Ardhi ni mali ya chuo, na anayejenga nyumba anaikodi kwa miaka mingi sana. Kwa hiyo mtu anapanda mti akijua atakula matunda yake.

Wakongomani wenzangu, mwaka huohuo wa 1971 una habari yake kwetu. Kinshasa kulikuwa na Lovanium, chuo kilichofunguliwa mwaka 1954 na kulelewa na Louvain hiyohiyo. Juni 1969 wanafunzi wake waliandamana, wakapigwa risasi, wengine wakafa. Mwaka 1971 walipoandamana tena kuwakumbuka wenzao, Mobutu akawaingiza jeshini, kisha serikali ikakichukua chuo na kukiunganisha na vingine kuwa chuo kimoja cha taifa. Mama alikuwa anajengewa nyumba mpya, na mtoto ananyang'anywa yake.

Sisemi shida yao ni sawa na yetu. Hakuna aliyewachomea nyumba, na serikali yao ilitoa pesa. Ila kufukuzwa kwa sababu ya lugha, hilo tunalijua. Nimeishi Nyarugusu miaka 17. Mafundi tulikuwa nao, walimu tulikuwa nao, na tofali tulijua kufyatua. Tulichokosa ni ardhi ya kusema hii ni yetu, na mtu wa kutuambia tutakaa mpaka lini. Kila mwaka tuliambiwa tusijenge cha kudumu, na kila mwaka tulibaki.

Jioni tulikaa kando ya ziwa. Kaka akaniambia lilichimbwa na watu, lipokee maji ya mvua yanayotoka kwenye mji. Nikakumbuka masika kambini, maji yanapita katikati ya nyumba na mama anainua magodoro. Hawa walifikiria mvua, maana walijua watu wamekuja kukaa.

Ninyi mnaofanya kazi na wakimbizi, mkichora kambi nyingine, ulizeni kwanza maji ya mvua yatapita wapi mwaka wa 20.