Sehemu Bora, Sehemu Mbaya: Mjadala wa Mashabiki wa Star Trek

Kwa zaidi ya miaka 50, mashabiki wa tamthilia ya kisayansi ya Marekani, Star Trek, wamebishana: sehemu ipi ni bora, na ipi ni mbaya kuliko zote? Katika insha hii ninadai kwamba kwa mwanahistoria swali hilo halitoshi. Sehemu dhaifu yaweza kuwa na kazi kubwa katika historia.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa na NBC tarehe 8 Septemba 1966. Miongoni mwa maafisa wa chombo cha anga Enterprise yumo mwanamke mweusi, Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Wakati huo Uganda yetu ilikuwa haijatimiza miaka 4 ya uhuru wake.

Mashabiki wengi huipa nafasi ya kwanza The City on the Edge of Forever, iliyoonyeshwa tarehe 6 Aprili 1967. Nahodha Kirk anarudi New York ya mwaka 1930, anampenda Edith Keeler, kisha analazimika kumwacha afe ili historia isipinduke. Mkiani huwekwa mara nyingi Spock's Brain, ya tarehe 20 Septemba 1968. Humo ubongo wa Spock unaibwa, na wenzake wanakwenda kuutafuta huku mwili wake ukiongozwa kwa rimoti. Si ajabu watu hucheka.

Lakini tuangalie sehemu hiyo ilitoka wapi. Tamthilia ilipokaribia kufutwa, watazamaji waliiandikia NBC barua kwa maelfu, na Machi 1968 kituo kikatangaza kwamba itaendelea. Ushindi huo ulikuja na masharti magumu: bajeti ilipunguzwa na kipindi kikapelekwa Ijumaa saa 4 usiku, wakati vijana wengi hawako nyumbani. Msimu huo wa tatu ulifunguliwa na Spock's Brain, ukawa wa mwisho. Ndiyo maana wapo wanaosema ingekuwa heri tamthilia ife mapema na heshima yake.

Sikubaliani nao, kwa sababu mbili. Kwanza, misimu miwili ya mwanzo ilikuwa na sehemu 55 tu. Wa tatu uliongeza 24, zikawa 79. Vituo vilivyotaka kurudia kipindi kila siku vilihitaji akiba kubwa ya sehemu, na ni katika marudio ya miaka ya 1970 ndipo Star Trek ilipopata umati wa mashabiki wapya. Pili, msimu huohuo ndio uliotoa Plato's Stepchildren, tarehe 22 Novemba 1968. Wengi huiona hadithi yake kuwa hafifu, na ndani yake Kirk na Uhura wanabusiana kwa kulazimishwa. Hata hivyo, Mzungu na Mweusi kubusiana kwenye televisheni lilikuwa jambo zito katika nchi ambayo Mahakama yake Kuu ilikuwa imefuta sheria za kuzuia ndoa zao mwaka 1967 tu.

Kwa hiyo, wenzangu, shabiki ana haki ya kuchagua anachokipenda. Sisi tunaosoma historia tuulize pia: kilifanya nini? Tukitupa kila kilichochekwa, tutatupa pamoja nacho daraja lililokivusha kile tunachokisifu.