Sindano Moja au Tatu: Dai la Kutenganisha Chanjo na Ushahidi Wake

Februari 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet makala kuhusu watoto 12 waliochunguzwa katika hospitali ya Royal Free, London. Makala yenyewe ilikiri kwamba haikuthibitisha uhusiano wowote kati ya usonji na chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Hata hivyo, mbele ya waandishi wa habari, Wakefield alishauri chanjo hizo zitolewe moja moja. Yaliyofuata yanafahamika: uchanjaji wa watoto Uingereza, uliokuwa umefikia takriban asilimia 92 katikati ya miaka ya 1990, ulishuka hadi kama asilimia 80 mwaka 2003/04, na mwaka 2010 jarida liliifuta makala ile, naye akaondolewa katika rejista ya madaktari. Kisichojadiliwa sana ni ule ushauri wenyewe. Wazazi wengi walioufuata hawakuwa wapinzani wa chanjo; walitaka kinga, ila waipate kwa mafungu. Rai hiyo ilipendeza kwa kuwa ilionekana kukaa katikati ya kukubali na kukataa, na watu wazima wamezoea kudhani kwamba katikati ndiko busara iliko. Ninachodai hapa ni kwamba kutenganisha chanjo si njia ya kati hata kidogo. Ni dai la kitabibu linalojitegemea, linalodaiwa ushahidi wake kama madai mengine, na pale ushahidi unapopatikana halina budi kufuatwa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka katika historia, na si haki kulipita juujuu. Chanjo ya pamoja ilipoanza Uingereza mwaka 1988, na Japani mwaka 1989, baadhi ya matoleo yake yalitengenezwa kwa kirusi cha matumbwitumbwi cha aina ya Urabe. Ikabainika kwamba aina hiyo iliwasababishia watoto wachache homa ya uti wa mgongo isiyotokana na bakteria. Uingereza iliyaondoa matoleo hayo mwaka 1992. Japani iliachana kabisa na chanjo ya pamoja mwaka 1993. Mzazi anayekumbuka hayo hawezi kuitwa mjinga. Lakini tuitazame kasoro hiyo kwa karibu: ilikuwa ndani ya kirusi kimoja, wala haikuzaliwa na kuchanganywa. Mtoto ambaye angechomwa Urabe peke yake angekabiliwa na hatari ileile, ila wazazi wake wangeondoka kliniki wakijiona wamechukua tahadhari. Dawa ilikuwa kubadili aina ya kirusi. Japani, kwa kuchagua njia nyingine, iliwapatia watafiti kipimo ambacho hakuna ambaye angethubutu kukipanga: huko Yokohama, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2005, usonji uliendelea kuongezeka miongoni mwa watoto waliozaliwa baada ya chanjo ya pamoja kuachwa. Denmark nayo ilifuatilia watoto 657,461, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha hatari yoyote ya ziada ya usonji kwa waliochanjwa.

Je, ina maana kuunganisha ni salama siku zote? La, na hapa ndipo wanaotetea chanjo huteleza kwa kujibu haraka mno. Tetekuwanga ilipoongezwa katika sindano ileile ya surua, matumbwitumbwi na rubela, takwimu za Marekani zilionyesha kwamba dozi ya kwanza, ikitolewa kwa watoto wa umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili, ilileta kisa kimoja zaidi cha degedege la homa katika kila watoto 2,300 hadi 2,600, ikilinganishwa na kutoa sindano mbili siku moja. Degedege la namna hiyo humtia mzazi hofu kuu, ingawa kwa kawaida haliachi madhara ya kudumu. Mamlaka za afya za huko zikapendekeza sindano mbili kwa dozi hiyo, isipokuwa mzazi mwenyewe akipendelea moja. Huko ndiko kutenganisha kwa ushahidi: mchanganyiko unaojulikana, umri unaojulikana, madhara yaliyohesabiwa. Ushauri wa mwaka 1998 haukuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Hoja kwamba mwili mchanga huelemewa haihitaji maneno mengi. Chanjo ya ndui ya zamani, moja tu, ilikuwa na protini zipatazo 200. Hii ya magonjwa matatu ina kama 24.

Linabaki pingamizi la uhuru: si afadhali mtoto achanjwe kidogo kidogo kuliko asichanjwe kabisa? Kwa mzazi mmoja mmoja, ndiyo, afadhali. Kama utaratibu wa nchi, hesabu ni nyingine. Chanjo za virusi hai zisipotolewa siku moja huachana angalau wiki 4, kwa hiyo sindano tatu huchukua wiki 8 au zaidi, na kila safari ya kliniki ni nafasi ya kukatiza ratiba. Kinachokatizwa aghalabu ni kile kisichoogopwa. Surua inatisha, rubela kwa mtoto ni vipele na homa ndogo, mzigo wake huiangukia mimba ya mtu mwingine. Japani iliwahi kuwachanja rubela wasichana wa shule peke yao, na wavulana walioachwa wakakua bila kinga. Mlipuko wa mwaka 2013 ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 14,000, wengi wao wanaume watu wazima, na katika wimbi hilo la 2012 hadi 2014 walizaliwa watoto 45 wenye madhara ya rubela ya tumboni. Tanzania ilipoiunganisha rubela na surua mwaka 2014, ilifanya jambo ambalo hoja ya kuokoa gharama haitoshi kulieleza: mama anayempeleka mwanawe wa miezi 9 kliniki kwa kuihofia surua, anamkinga wakati huohuo mtoto wa jirani ambaye bado hajazaliwa.